Pua ya Merle Stroud

Tangu mwezi wa Machi Merle Stroud alikuwa hasikii harufu ya kitu chochote, na hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Yalianza kama mafua. Alilala siku chache, akainuka, akarudi kwenye karakana ya mabasi ya shule alikofanya kazi, akidhani pua itafunguka yenyewe kama ilivyofunguka kila mwaka. Haikufunguka. Kahawa ikawa maji ya moto machungu. Nyama ya kuchoma ikawa chumvi na kutafuna. Dizeli, iliyomganda kwenye nguo miaka yote, ikatoweka kana kwamba haikupata kuwako.

Mtu mwingine angekwenda kwa daktari, akalalamika kwa majirani, mambo yakaisha. Merle hakuweza. Katika bonde lote la Yakima, kuanzia mjini mpaka kwenye mashamba ya hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, wapenzi wa bia za viwanda vidogo walimwita Pua. Hakuwa na cheo wala digrii. Kwenye shughuli za watu alikuwa wa kukaa pembeni, anayesahaulika anapokatwa keki. Ila mpe glasi. Angeizungusha, angetumbukiza pua, angefumba macho, kisha angekwambia hopsi zimetoka upande gani wa bonde na hamira ilisumbuliwa na joto siku gani. Wenye viwanda walimletea bia zao kabla ya kuziuza. Wanaopika bia majumbani walimwita kuwa mwamuzi wa mashindano yao. Watu wasiojua hata jina la ukoo wake walimpisha kiti.

Basi akajifunza kuishi kwa hila. Kwenye mtandao ambako wapenzi wa bia huandika maoni yao, alisubiri wenzake waandike kwanza, kisha naye akaandika yale yale kwa maneno matamu zaidi. Kwenye baa alimwacha jirani aseme, "Nasikia balungi," naye akaitikia, "Balungi, tena na ganda lake." Ulimi ulikuwa umembakishia utamu, uchungu, uchachu na chumvi, na kwa vitu hivyo vinne alijikokota mpaka mwisho wa kiangazi bila kushtukiwa na mtu. Ndivyo alivyodhani.

Mwezi wa Septemba, wakati hopsi zinavunwa na kila kiwanda bondeni kinakimbizana kupika bia ya maua mabichi, shemeji yake alimpigia simu.

Shemeji huyo, Kirby Aamodt, alikuwa kitinda mimba wa kina Glenda, mke wa Merle. Miaka miwili nyuma alikuwa amekodi ghala kuukuu la kufungashia matufaha, akaweka matangi matatu na meza za mbao, akapaita Banda la Matufaha. Tamasha la bia ya hopsi mbichi lilikuwa Jumamosi ile, na bia yake alikuwa ameichelewesha kuipika. Bia ya namna hiyo huhitaji kutulia tangini mpaka hamira imalize kazi yake. Ukiitoa mapema, inabaki na takataka ambazo hamira haijazila.

Merle alikwenda baada ya kazi. Glenda alifuatana naye na bakuli la saladi ya viazi kwa ajili ya wafanyakazi. Efraín Zavala, aliyeosha matangi na mabomba pale tangu kiwanda kifunguliwe, alikuwa amechuchumaa akikunja mpira wa maji. Wateja wawili waliozoeana na Kirby walikuwa wamesogea na glasi zao, maana Pua akionja watu husogea.

Kirby alimjazia glasi kutoka tangini. "Shemeji, mimi pua yangu imeshakufa humu ndani," alisema. "Nimeshinda nayo wiki nzima, sasa sisikii tena tofauti. Ukisema iko tayari, tunajaza mapipa leo. Ukisema bado, naiacha itulie, hata kama tutalikosa tamasha. Neno lako ndilo la mwisho."

Merle akaizungusha glasi. Akatumbukiza pua, akafumba macho, na mbele yake hapakuwa na kitu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta ukuta. Akapiga funda. Uchungu ulikuwepo, mzuri. Ulimi ulihisi utelezi kidogo kama uliopakwa mafuta, akajiambia ni kimea. Akamuuliza Kirby kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe unasikia nini?"

"Nataka kusikia kwako."

Glenda aliichukua glasi mkononi mwa mumewe akaonja, bila kuombwa. Akakunja uso. "Mbona inanukia bisi? Zile bisi za sinema, zilizomwagiwa siagi."

Ilikuwa kamba aliyotupiwa mtu anayezama, na Merle aliijua kuwa ni kamba. Siagi ni kasoro inayojulikana, ya bia iliyotolewa mapema au iliyopita kwenye mabomba machafu. Kila mpishi wa bia anaiogopa. Alichotakiwa ni kusema tu, Glenda yuko sawa, iache itulie. Lakini wale wateja wawili walikuwa wanamtazama. Akaona haiwezekani Pua aongozwe na mwanamke anayekunywa soda ya tangawizi.

"Mke wangu," alisema akitabasamu, "kwako wewe kila kitu ni chakula. Rudi kwenye soda yako utuachie bia."

Wateja walicheka. Kirby naye alicheka, maana alikuwa anatamani sana jibu lije upande huo. Efraín hakucheka, aliendelea kukunja mpira. Glenda aliiweka glasi juu ya pipa, taratibu, akaenda kuchukua bakuli lake.

"Iko tayari," Merle alisema. "Ganda la limau, nyasi mbichi, msonobari kwa mbali. Jaza."

*

Siku ya tamasha upepo ulivuma kutoka milimani na jua likawaka. Merle alisimama mbele ya kibanda cha Kirby amevaa fulana ya Banda la Matufaha, akiwaeleza watu wanachokwenda kuonja, huku Kirby akimimina nyuma yake. Limau, alisema. Nyasi mbichi. Watu walipokea glasi ndogo, wakanusa, wakatazamana.

Watu wa kule ni wapole kwenye mambo haya. Hakuna aliyetema. Walipiga funda moja, wakasema "inavutia," wakasogea pembeni, wakamwaga kilichobaki kwenye ndoo iliyowekwa kwa kazi hiyo. Merle aliwaona wa kwanza akadhani wanalinda nafasi tumboni, kwa kuwa vibanda ni vingi. Aliwaona wa pili, na wa tatu. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya majani alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini jambo lililowachekesha wote wawili, kisha akamtazama Merle kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko kicheko. Alijimiminia glasi nyingine akainywa yote mbele ya watu ili waone namna ya kuinywa. Akalamba mdomo. Ndoo ikajaa. Mtu akaleta ndoo ya pili.

Kabla ya adhuhuri akaja Dagny Rusk, mwenye kiwanda kikubwa ng'ambo ya mto, ambaye Kirby alijifunzia kazi kwake. Alionja, akakizunguka kibanda, akamshika Kirby kiwiko. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa kwenye foleni walimsikia. "Kirby, umeionja hii leo? Ni siagi tupu."

Kirby alikuwa amekaa kwenye upepo tangu asubuhi na pua yake ilikuwa imefufuka. Akanusa. Uso ukamsawijika. Akamgeukia shemeji yake, akamnyooshea glasi.

"Shemeji. Onja."

Foleni ikatulia. Merle akanusa ukuta ule ule. Sasa alikuwa anajua jibu, kwa kuwa ameambiwa, na kitu cha kwanza alichohisi, ambacho baadaye alikionea haya kuliko yote, kilikuwa nafuu. Akakunja uso kwa ustadi.

"Siagi," alisema. "Imeharibika njiani. Tangini haikuwa hivi."

"Mabomba," mtu mmoja akasema kwenye foleni.

"Mabomba," Merle akaitikia.

Kirby akakigeuza kibao cha jina la bia kikatazama ndani. Walifungasha jua likiwa bado kichwani, vibanda vya wenzao vimejaa watu pande zote, na kila yalipopita mapipa yao mazito, watu walipisha njia kama wanavyopisha jeneza. Jioni hiyo picha ya ile ndoo ilikuwa imeshasambaa mtandaoni. Chini yake mtu alikuwa ameandika: Banda la Matufaha, leteni filamu tu, bisi tumeshapata.

*

Jumatatu saa ya chakula cha mchana, Kirby alimwita Efraín kutoka nyuma ya matangi. Hakumpeleka ofisini. Alikuwa hajalala vizuri, alikuwa amesoma kila lililoandikwa kwenye simu yake, akamsimamisha pale pale kwenye sakafu, mbele ya meza za watu waliokuwa wanakula mikate yao. Merle alikuwepo. Alikuwa amekuja kumpa pole shemeji yake.

Efraín alieleza kwamba mabomba aliyaosha mara mbili kabla ya kujaza, na maji ya mwisho aliyapima mwenyewe. Aliongea kwa utulivu, kama anayedhani ameulizwa swali la kawaida.

"Shemeji yangu aliionja tangini ikawa safi," Kirby alisema. "Wote mlimwona. Imetoka tangini ikapita kwenye mabomba yako, ikaingia kwenye mapipa yako. Sasa niambie siagi imetoka wapi."

Efraín akamgeukia Merle. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono iliyobabuka kwa dawa za kuoshea, na katika miaka miwili hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu na habari za mvua.

"Mzee Merle," aliuliza, "ilikuwa safi kweli?"

Kwenye meza ya karibu mtu alishusha uma. Merle alitazama mikono ile. Maneno mengine yalikuwepo, yalimfika kooni. Akayameza.

"Ilikuwa safi."

Efraín akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, bali kama mtu aliyepewa hesabu ya mwisho. Akafungua aproni ya mpira, akaikunja, akaiweka juu ya stuli. Kisha akakaa akavua buti, maana buti zilikuwa za kiwanda na viatu vyake vilikuwa garini. Akazipanga chini ya stuli, akatoka kwa soksi, akapita kati ya meza, sakafu ikiwa na maji, mpaka uwanjani kwenye kokoto. Mlango ulipojifunga watu walirudi kwenye mikate yao, wakila haraka haraka kama walioambiwa wasitazame.

*

Glenda aliisikia habari hiyo kwa mke wa Kirby, si kwa mumewe. Jumanne jioni Merle alirudi kutoka kazini, akanawa, akakaa mezani, akaanza kusimulia basi lililogoma kuwaka. Glenda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti karibu naye.

"Kina Olmsted wameniletea hopsi za mwisho za shambani kwao," alisema. "Hawakumbuki ni za mstari gani. Fumba macho unisaidie."

Merle akafumba macho. Ilikuwa desturi ya bonde: maua husuguliwa viganjani mpaka yatoe mafuta, kisha mikono huletwa puani. Alisikia viganja vikisuguana, sana, kwa nguvu. Alihisi joto la mikono karibu na mdomo wake. Akavuta pumzi ndefu.

"Nzuri hizi," alisema. "Msonobari. Kuna chungwa lililoiva kidogo. Zimechelewa kuvunwa, waambie."

"Fumbua."

Viganja vya mkewe vilikuwa vyekundu kwa kusuguana, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Merle alivitazama muda mrefu. Masikio yalimuwaka. Alitamani kucheka, aseme alijua ni mzaha, na mdomo ulishaanza kujipinda. Lakini uso wa Glenda haukumpa nafasi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Machi."

"Nilidhani hivyo. Ulikunywa maziwa yaliyochacha ukanishukuru." Akaivuta mikono yake, akaiweka mapajani. "Nilijiambia, mwache, pua ni yake, ataniambia mwenyewe. Nimengoja kiangazi chote. Hata siku ile tangini, uliponicheka mbele ya ndugu yangu, nilijua kwamba hujui unachosema. Na nikanyamaza, nisikuumbue. Kwa hiyo na mimi nimo."

"Wewe hukufanya kitu."

"Ndiyo nakwambia. Sikufanya kitu. Na mwenzetu ametoka mle kwa soksi, Merle."

Merle alijaribu kusema kwamba viwanda ni vingi, kwamba mtu mwenye mikono kama ya Efraín hakosi kazi msimu wa mavuno. Alijisikia anavyosema, akakatiza sentensi katikati. Chakula kilikuwa kinapoa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nikisema, nitabaki nani? Wananiitia hiyo tu. Hawana kingine cha kuniitia."

"Utabaki fundi wa mabasi," Glenda alisema. "Ndiye aliyenioa. Huyo Pua alikuja baadaye."

*

Kesho yake alikwenda kwa Efraín moja kwa moja kutoka karakana, na ovaroli lake. Nohemí, mke wa Efraín, ndiye aliyefungua mlango; alimwacha kibarazani akaenda kumwita mumewe. Kwa upenyo wa mlango Merle aliona mvuke ukitoka kwenye sufuria kubwa, na sahani tayari mezani. Hakukaribishwa ndani.

Alisema yote bila kujitetea: pua, tangi, siagi, neno alilolisema mbele ya watu. Alisema mabomba hayakuwa na kosa lolote. Bia ilitolewa kabla ya wakati, na yeye ndiye aliyeiruhusu. Efraín alimsikiliza ameegemea mwimo.

"Umekuja peke yako," Efraín alisema.

"Ndiyo."

"Unaniambia hapa, kwenye kibaraza, mke wangu akisikia na mbwa." Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Mimi nilifukuzwa watu wanakula. Walinitazama miguu. Binamu yangu anafanya kazi kiwanda kingine, jana wamemuuliza kama ukoo wetu wote hauoshi mabomba. Sasa hili ulilonipa nilifanyie nini, mzee? Niliweke wapi?"

"Kaseme pale pale," Efraín alisema. "Kazi sitaki. Nimeshaanza kwingine, kwenye ghala la kufungasha matufaha. Ila jina langu limebaki kule, na mimi siwezi kwenda kulichukua."

Akafunga mlango, taratibu, kama anavyofungiwa mtu ambaye mtaonana naye tena.

*

Alhamisi jioni ndiyo ilikuwa siku ya chama cha waonjaji kukutana Banda la Matufaha. Merle aliwahi kabla ya watu, akamfuata Kirby stoo na kumwambia. Kirby alikaa juu ya gunia la kimea. Mwanzoni alidhani amesikia vibaya. Alipoelewa, alijishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo.

"Usiseme huko nje," alisema hatimaye. "Nakuomba, shemeji. Wameshanicheka mara moja. Sasa watasema nilimpa mtu asiye na pua anionjee bia. Nitamwita Efraín mimi mwenyewe, kimya kimya. Nitamlipa wiki zake na zaidi."

"Nilishakwenda kwake. Hataki."

"Basi mwache."

Lilikuwa neno jepesi, na Merle alilipenda kwa kitambo. Kwa nje viti vilikuwa vinaburutwa, watu wanaitana. Kirby alikuwa ameinamisha uso na sikio lake limekuwa jekundu, kama Glenda anapoona haya. Merle akamshika bega, akamwacha hapo juu ya gunia, akatoka.

Watu walikuwa kama ishirini. Walimpisha kiti chake cha siku zote, mtu akamsogezea glasi. Hakukaa. Glenda alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, na koti lake mwilini.

"Nina neno," Merle alisema. "Ile bia ya tamasha niliionja mimi. Sikusikia siagi kwa sababu sisikii kitu. Tangu Machi pua yangu haifanyi kazi."

Kukawa na vicheko viwili vitatu vya watu waliodhani ni utani. "Pua kaibiwa pua," mmoja akasema, na wengine wakacheka zaidi. Merle alisubiri waishe. Walipoona anasubiri, wakaisha.

"Efraín Zavala aliyaosha mabomba vizuri," akaendelea. "Alisema hivyo hapa, watu wakiwa wanakula, na alikuwa anasema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya. Aliniuliza usoni nikamdanganya usoni. Na mke wangu alisikia siagi siku ya kwanza nikamfanyia kichekesho. Hayo ndiyo niliyotaka kusema. Mkikutana na mtu anayesema Zavala haoshi mabomba, mwambieni kosa lilikuwa la nani."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Aliyekuwa amemsogezea glasi akaivuta nyuma kidogo, kisha akaona alivyofanya, akaiacha katikati ya meza. Ndipo Kirby akatokea kwenye mlango wa stoo, na unga wa kimea kwenye suruali.

"Niliiharakisha," alisema. "Ilitakiwa ikae. Efraín hakuwa na kosa." Akaingia nyuma ya kaunta akaanza kufuta mahali palipokuwa pakavu.

Merle alidhani yamekwisha. Aliona kwamba anaweza kufika mlangoni alipo Glenda, waondoke. Lakini kwenye meza ya dirishani alikuwa amesimama mzee mmoja, kwa shida, ameshika kiti. Aliitwa Orval Tiggelaar. Alikuwa mkulima mstaafu wa kule Sunnyside, mjane, aliyeanza kupika bia jikoni kwake mwaka aliofiwa na mkewe ili nyumba isiwe kimya mno. Mwezi wa Juni alileta bia yake nyeusi kwenye mashindano ya wapishi wa nyumbani. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na Merle alikuwa mwamuzi.

"Na ile yangu?" mzee aliuliza.

Merle aliikumbuka. Siku ile aliogopa kusifu kitu kibovu, akaona heri awe mkali, maana mwamuzi mkali hatiliwi shaka.

"Sikuisikia, Mzee Tiggelaar."

"Uliandika inanuka kadibodi iliyolowa. Uliandika nianze upya."

"Niliandika."

Mzee alilifikiria hilo. Hakuonekana kukasirika, alionekana anajaribu kupanga upya kitu kichwani. "Nilikuwa naifungua chupa kila asubuhi nainusa," alisema. "Siku za mwanzo sikusikia kadibodi. Nikasema, huyu bwana anajua, endelea kutafuta. Baadaye nikaanza kuisikia kweli. Ikawa kwenye bia, ikawa kwenye chai, kwenye shuka. Nikaimwaga yote. Masufuria nimegawa kanisani." Akaketi. "Hata sijui ilikuwa nzuri au mbaya."

"Na mimi sijui," Merle alisema. "Nisamehe."

Mzee hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alikuwa anatazama mikono yake.

Kirby aliacha kufuta. Aliwatazama watu waliokuwa wamekaa, mmoja mmoja, wengi wao wapishi wa nyumbani waliokuwa wakipanga foleni na chupa zao mbele ya shemeji yake. Akauliza, kwa upole, kama anayeuliza nani bado hajapata chakula, "Nani mwingine alionjewa na Merle tangu Machi?"

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kisha mwanamke mmoja karibu na kaunta akainua mkono, si juu sana, usawa wa bega. Nyuma yake ukainuka mwingine. Halafu miwili pamoja, ya mtu na mkewe. Wengine walioinua walikuwa wamesifiwa na Merle, na hao ndio waliomtazama kwa simanzi zaidi. Mikono iliendelea kuinuka mpaka kwenye meza za nyuma.

Glenda alinyanyuka pale mlangoni. Akavua koti, akalitundika, akapita kati ya meza amebeba viti viwili, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu, akaviweka mbele ya mwanamke wa kwanza. Akakaa kwenye kimoja. Merle akakaa kwenye kingine.

"Yako ilikuwa ipi?" Merle akamuuliza yule mwanamke.